Anayekubishia hodi na tableti mkononi anatafuta nini?

Ni Jumamosi, saa nne asubuhi. Umelala hadi jua likaingia dirishani, chai iko jikoni, simu iko kwenye chaji. Mara unasikia hodi. Unachungulia. Nje amesimama dada wa rika lako, kitambulisho kinaning'inia shingoni, viatu vimejaa vumbi, tableti mkononi. Kando yake yuko yule mama mhudumu wa afya ambaye kila mtu kwa ploti anamjua.

"Habari ya asubuhi? Samahani kwa kukusumbua. Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Nafanya utafiti kuhusu maji ya kunywa na magonjwa ya kuharisha hapa mtaani. Naomba dakika ishirini."

Tuambiane ukweli. Wazo la kwanza ni kunyamaza ndani kama hakuna mtu. La pili ni kuuliza kama kuna kitu kidogo. La tatu ni kumjibu mbio mbio ili aende zake. Maji unachemsha? Ndiyo. Mikono unanawa kwa sabuni? Kila saa. Kwani nani atakuja kuangalia?

Kabla hujamfungia mlango, hebu jua huyo dada ni nani, ametoka mbali kiasi gani na kwa nini anakuhitaji wewe, si jirani yako. Mambo mengi ambayo serikali hudai inayajua kuhusu afya yetu yalianzia hapo hapo, kwa hodi kama hiyo. Na mengi ambayo haiyajui ni kwa sababu mtu alijifungia, au alijibu uongo, au aliyetumwa kuuliza alikaa kibandani akajaza majibu mwenyewe.

Safari ya kufika kwako

Dada huyo pengine anasomea shahada ya uzamili katika afya ya umma au epidemiolojia, yaani elimu ya kujua ugonjwa unampata nani, wapi, lini na kwa nini. Vyuo kama Nairobi, Moi, Kenyatta, Maseno na JKUAT vina mafunzo ya aina hii. Darasani amemaliza. Kilichobaki ni tasnifu, na hapo ndipo wengi hukwama.

Kwanza aliandika pendekezo la utafiti. Akalitetea mbele ya jopo la wahadhiri, likarudi limejaa wino mwekundu. Akaandika tena. Kisha akalipeleka kwa kamati ya maadili ya utafiti, watu ambao kazi yao ni kukulinda wewe usiyejua hata kama wapo. Wao husoma kila kitu: maswali atakayokuuliza, namna yalivyotafsiriwa kwa Kiswahili, fomu utakayotia sahihi, hata mahali atakapofungia karatasi zako. Akipita hapo anatafuta kibali cha NACOSTI, tume ya kitaifa inayosimamia utafiti nchini. Halafu anabisha hodi kwa idara ya afya ya kaunti, kwa chifu, kwa mzee wa mtaa. Wewe ndiwe hodi ya mwisho.

Na usidhani kuna mfadhili nyuma yake. Wanafunzi wengi hulipia kazi hii kutoka mfukoni: mshahara wa hospitali, mkopo wa chama, mchango wa shangazi. Ada za kamati, nauli, chakula cha wasaidizi, yote ni yeye. Muhula unaisha, msimamizi hajajibu barua pepe, na nyumbani wanauliza, "Kwani hiyo masomo haiishi?"

Kijiko kimoja cha mchuzi

Kuna nambari moja ambayo karibu kila mwanafunzi wa afya ya umma nchini anaijua kama namba yake ya simu: 384. Fungua tasnifu kadhaa kwenye maktaba ya chuo chochote, utaikuta. Inatoka wapi?

Tuseme unataka kujua ni sehemu gani ya watu wa mtaa wenu wanaotibu maji kabla ya kuyanywa, na huna fununu yoyote. Basi unakadiria nusu, kwa sababu nusu ndiyo inayodai watu wengi zaidi wa kuhojiwa. Unataka kosa lako lisizidi asilimia 5 juu au chini, na uwe na uhakika wa asilimia 95. Unachukua 1.96 mara 1.96, unazidisha kwa 0.5 na tena kwa 0.5, kisha unagawanya kwa 0.05 mara 0.05. Jibu ni 384.16. Watu 384. Wengine huongeza asilimia 10 kwa ajili ya watakaokataa, wanafika kama 422.

Sasa utauliza, watu 384 watasemaje kwa niaba ya mtaa wa watu elfu hamsini? Fikiria mchuzi. Ukitaka kujua kama chumvi imetosha, hunywi sufuria nzima. Kijiko kimoja kinatosha, mradi umekoroga vizuri. Usipokoroga, utaonja mafuta yaliyoelea juu na useme mchuzi wote ni mafuta.

Kukoroga, kwa mtafiti, ni kuchagua nyumba kwa bahati nasibu. Hachagui zile za karibu na barabara, wala zile zenye watu wachangamfu. Nyumba yako imetokea kwenye orodha, basi ni yako. Ndiyo maana amekuja Jumamosi: angekuja Jumanne adhuhuri angewakuta akina mama wenye watoto wachanga na waliokosa kibarua siku hiyo, na utafiti wote ungekuwa wao. Ndiyo maana pia hawezi tu kuhamia kwa jirani ukijificha. Jirani ana maisha yake. Anayeamka saa kumi kwenda Gikomba hanywi maji yale yale kwa namna ile ile na anayeshinda nyumbani. Ukitoka kwenye orodha, watu kama wewe mnapungua kwenye mchuzi, na hakuna hesabu itakayowarudisha.

Lakini 384 si uchawi. Inajibu swali la aina moja tu: ni wangapi kati ya wote? Mwanafunzi anayeinakili bila kufikiri, kwa sababu tu aliyemtangulia aliitumia, anakosea. Ukitaka kujua kwa nini huyu aliugua na yule akapona, hesabu inabadilika. Na mtu unayemhitaji anabadilika pia.

"Lakini mimi si mgonjwa"

Hili ndilo jibu ambalo watafiti husikia sana mlangoni. Mimi sina shida, nenda kaulize wagonjwa. Linaonekana jibu la busara. Sasa rudi nami nyuma hadi 2004, Ukambani.

Mwaka huo, hospitali za Makueni na Kitui zilianza kupokea watu wenye macho ya manjano na tumbo lililovimba. Ini lilikuwa limeharibika. Kufikia Julai, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317 katika wilaya zilizoathirika, na 125 kati yao walikuwa wamefariki. Huo ni zaidi ya mtu mmoja kwa kila watatu.

Shaka iliangukia mahindi. Eneo hilo lilikuwa limewahi kuona jambo kama hilo mwaka wa 1981, ambapo wagonjwa 20 walilazwa na 12 wakafa. Mahindi yakivunwa au kuhifadhiwa yakiwa na unyevu, huota ukungu, na ukungu fulani hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Huwezi kuionja wala kuitoa kwa kuchemsha.

Lakini kulikuwa na utata. Ukambani kila mtu anakula mahindi. Githeri ni mahindi, muthokoi ni mahindi, ugali ni mahindi. Ukiwauliza wagonjwa peke yao "Mlikula mahindi?" wote watasema ndiyo, na hujajua lolote. Ni kama kuwauliza waliopata ajali barabarani kama walikuwa wamevaa viatu.

Kwa hivyo wachunguzi waliwachukua wagonjwa 40, kisha wakatafuta watu wengine 80 wasio wagonjwa. Wakawauliza wote maswali yale yale. Mahindi yenu yalitoka wapi? Mliyahifadhi wapi? Yalikuwa makavu? Wakachukua sampuli za mahindi na damu. Walipolinganisha, tofauti ikajitokeza. Mahindi ya familia zilizougua yalikuwa na sumu nyingi zaidi, na familia hizo zilikuwa zimehifadhi mahindi yakiwa na unyevu, ndani ya nyumba wanayolala.

Timu nyingine ilipima sampuli 350 za bidhaa za mahindi kutoka masoko ya eneo hilo. Asilimia 55 zilipita kiwango kilichoruhusiwa wakati huo. Kumbe hatari haikuwa kwa wakulima tu; hata aliyenunua dukani alikuwa hatarini. Serikali ikagawa chakula kingine katika maeneo yaliyoathirika zaidi, na ujumbe kwa wakulima ukawa na maana: kausha vizuri, usihifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba.

Sasa fikiria wale 80. Wengine wao pengine walisema hivyo hivyo: mimi si mgonjwa, mbona unaniuliza? Bila wao, wale 40 wasingetuambia kitu. Mwenye afya ndiye kipimo cha mgonjwa. Ukiulizwa siku moja na huna ugonjwa wowote, usijione umekosewa. Wewe ndiwe wanayekutafuta.

Wagonjwa kumi kati ya wangapi?

Kuna swali jingine ambalo hospitali pekee haiwezi kulijibu. Tuseme mtaa A umeleta watoto kumi wenye kipindupindu, na mtaa B umeleta kumi pia. Nani ana shida kubwa? Usijibu haraka. Kama mtaa A una watu 500 na B una watu 5,000, A inaungua na B bado ina nafuu. Daktari anawaona wale kumi. Hawaoni walio nyumbani. Wa kuwahesabu hao ni yule anayezunguka mlango kwa mlango.

Kilifi wamefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilianza pale mwaka wa 1989, na tangu 2000 kumekuwa na mfumo wa kuhesabu wakazi wa eneo linalozunguka hospitali ya Kilifi, watu zaidi ya laki mbili na nusu: nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Hapa Nairobi, kituo cha APHRC kilianzisha mfumo wa aina hiyo Korogocho na Viwandani mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Faida yake ni nini? Novemba 2001 Kenya ilianza kuwapa watoto chanjo ya Hib, bakteria wanaosababisha nimonia kali na homa ya uti wa mgongo. Je, ilifanya kazi? Kilifi waliweza kujibu kwa hesabu. Kabla ya chanjo, kwa mwaka walikuwa wakipata wagonjwa 66 wa Hib kwa kila watoto 100,000 wa chini ya miaka mitano. Kufikia mwaka wa tatu wa chanjo, walikuwa 7.6. Utaalamu wa maabara ulihitajika, sawa. Lakini ile "kwa kila watoto 100,000" haikutoka maabara. Ilitoka kwa watu waliozunguka vijijini wakiuliza, "Hapa mnaishi wangapi?" na wazazi ambao walijibu ukweli hata walipochoka kuulizwa.

Kama umezaliwa Kenya baada ya mwaka huo, kuna uwezekano mkubwa kwamba chanjo hiyo iko mwilini mwako.

Jiko la kupikia data

Sasa tuje kwa jambo ambalo wasomi hulizungumzia kwa sauti ya chini. Wengi wenu mmewahi kuitwa kusaidia kukusanya data. Ni kibarua kizuri: siku kumi, fulana ya bure, hela inaingia kwa simu. Umepewa nyumba kumi na tano kwa siku. Saa nane jua limewaka, nyumba sita bado, mbwa wa ploti moja amekufukuza, na mama wa ploti nyingine amekuambia urudi kesho. Mwenzako anakuambia, "Wee, kwani unajitesa hivi? Tuketi hapa kwa kibanda, tuagize chapati, tuzijaze."

Hiyo ndiyo kupika data. Inaonekana dhambi ndogo. Hakuna aliyeibiwa, hakuna aliyeumizwa. Acha tufanye hesabu pamoja.

Chukua mfano wa utafiti wetu wa maji, wenye watu 384. Tuseme ukweli wa mtaa ni kwamba asilimia 30 tu wanatibu maji. Hojaji 324 zimefanywa vizuri, kwa hivyo zina kama "ndiyo" 97. Zile 60 zilizobaki zimepikwa kibandani, na aliyezipika aliona ni kawaida mtu kuchemsha maji, akaweka "ndiyo" 54. Jumla "ndiyo" ni 151 kati ya 384. Asilimia 39.

Asilimia 30 imekuwa 39. Afisa wa kaunti anasoma tasnifu, anaona mtaa huu unajiweza kidogo, anapeleka dawa za kutibu maji kwingine. Mvua ikinyesha, mitaro ikifurika, bomba likivuja karibu na choo, watoto wa mtaa huo ndio watakaolipia ile chapati. Na hakuna atakayejua, kwa sababu kwenye karatasi kila kitu kilikuwa sawa.

Wasimamizi wamejanjaruka, hilo ujue. Tableti hurekodi saa na mahali. Mahojiano manane yaliyofanywa chini ya mti mmoja, kila moja kwa dakika nne, yanajitangaza yenyewe. Msimamizi mzuri huchagua nyumba chache na kuzirudia: "Samahani mama, kuna mtu alikuja hapa Alhamisi?" Hata bila hayo, data iliyopikwa ina ladha yake. Watu halisi husahau, hujipinga, hukataa swali, husema "sijui". Majibu ya kibandani huwa nadhifu mno.

Ila usicheke aliyekaa kibandani halafu wewe, mwenye mlango, ukajibu "ndiyo, ndiyo, ndiyo" ili umfukuze. Matokeo ni yale yale. Wewe pia umepika, tena jikoni kwako. Na mwanafunzi aliyelipa mtu amwandikie sura ya nne huku yeye akiwa kazini, amepika sufuria kubwa kuliko zote.

Mtafiti mwenye akili anajua tunapenda kujipamba mbele ya wageni. Kwa hivyo hakuulizi, "Je, unatibu maji?" Anakuuliza, "Maji ya kunywa yaliyo hapa ndani sasa hivi yametoka wapi?" Hakuulizi kama unanawa kwa sabuni, anaomba umwonyeshe sabuni iko wapi. Akikuuliza hivyo usidhani anakudharau. Anakupunguzia kishawishi cha kudanganya.

"Mmerudi tena?"

Uchovu wa watu nao si wa kupuuzwa. Ukiishi Korogocho, Kibra, Mathare au Majengo, umeulizwa. Umeulizwa kuhusu choo, kuhusu mpenzi, kuhusu pombe, kuhusu mtoto, hadi unajua swali linalofuata kabla halijaulizwa. Watu walikuja na mikoba, wakaondoka na majibu, na choo kikabaki kile kile. Mama akisema, "Nyinyi watu wa maswali mmerudi tena?" ana haki yake.

Na hapa kosa ni la watafiti. Pendekezo karibu lote lina ukurasa unaoahidi matokeo yatarudishwa kwa jamii. Halafu tasnifu inafungwa kwa jalada zito, nakala inawekwa maktabani, mwenyewe anavaa joho, picha zinapigwa, basi. Aliyejibu maswali hajui hata kama maji ya mtungi wake yalikuwa salama. Huo ni mkopo ambao haukulipwa. Ukikopa sukari kwa jirani na hurudishi, siku nyingine utapata mlango umefungwa, na atakayeumia ni mgeni mwaminifu atakayekuja baada yako.

Kurudisha si jambo la gharama kubwa. Dakika kumi kwenye baraza la chifu. Karatasi moja ya Kiswahili ukutani pa kituo cha afya. Ujumbe mfupi kwa simu: tulihoji nyumba 384 hapa mtaani, hili ndilo tuliloona, hili ndilo unaloweza kufanya. Mama mhudumu wa afya anaweza kuusambaza kwa siku moja. Mwanafunzi aliyeshinda miaka miwili kwenye kitu kimoja hawezi kukosa sentensi tatu za kuwaambia watu waliompa kitu hicho.

Kwa hivyo fungua mlango, ila usifungue kama bubu. Kabla ya kutia sahihi, uliza haya.

Wewe ni nani, wa chuo gani, na barua yako ya kibali iko wapi? Mtafiti wa kweli atakuonyesha bila kununa.

Jina langu litaandikwa? Mara nyingi hupewi jina bali nambari. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, kwa hivyo hii si fadhila anayokufanyia.

Nikichoka katikati? Una haki ya kukataa swali lolote au kuacha kabisa, na hakuna atakayekunyima huduma kliniki kwa sababu hiyo. Akikutisha, huyo si wa kujibiwa.

Mkitaka damu, itapimwa nini, itawekwa wapi na kwa muda gani? Kama una chini ya miaka 18, mzazi au mlezi lazima akubali kwanza, na wewe pia uulizwe.

Nikiwa na malalamiko nimpigie nani? Kwenye fomu ya ridhaa kuna nambari ya kamati ya maadili. Chukua nakala yako. Ni yako.

Na la mwisho, ambalo wengi husahau: nitapataje majibu, na lini? Likiulizwa na nyumba moja linapuuzwa. Likiulizwa na nyumba 384, mwanafunzi ataweka tarehe kwenye shajara yake.

Na wewe je?

Pengine umesoma hadi hapa na unajiuliza kama kazi hii inaweza kuwa yako. Si lazima uwe daktari. Darasa la epidemiolojia lina wauguzi, maafisa wa kliniki, watu wa maabara, wataalamu wa takwimu, wa sayansi ya jamii, na hata madaktari wa mifugo, kwa maana magonjwa kama homa ya Bonde la Ufa huanzia kwa mbuzi na ng'ombe kabla ya kufika kwa binadamu. Mwaka wa 2004 Kenya ilianzisha mpango uitwao FELTP, ambao wanafunzi wake husomea shahada ya uzamili huku wakifanya kazi na idara za afya. Ugonjwa ukizuka mahali, hawasomi habari zake gazetini. Wanabeba mikoba na kwenda.

Sitakuficha, hela si ya haraka. Kazi nyingi ni za mkataba, na mkataba huisha. Lakini mlango wa kuingilia uko karibu kuliko unavyodhani: ile kazi ya kubeba tableti. Ukiifanya kwa uaminifu, msimamizi atakukumbuka. Jifunze hesabu ya takwimu polepole. Programu ya R ni ya bure na inafanya kazi hata kwa kompyuta ya mkono wa pili. Kisha anza kuuliza maswali ya mtaa wako. Kwa nini vijana wa kiume hawaonekani kliniki hadi wabebwe? Abiria wangapi wa boda huvaa helmeti wakipewa, na wanaokataa wanasema nini? Maji ya kioski hiki na kile, ni sawa?

Swali zuri la tasnifu si lile lenye maneno makubwa. Ni lile ambalo mama wa ploti akilisikia atasema, "Hilo hata mimi ningependa kujua."

Sasa turudi kwa Jumamosi yetu. Dada bado yuko nje. Chai imechemka. Amebakisha nyumba nyingi, na moja ya nambari zake 384 ni wewe. Fungua. Mpe kiti. Soma fomu, uliza maswali yako, kisha umjibu ukweli, hata ule usiopendeza: kwamba maji unachemsha gesi ikiwepo, na gesi iliisha Jumatano. Hilo "iliisha Jumatano" ndilo lililomtoa chuoni.

Akimaliza, akifunga tableti na kukushukuru, mwambie tu: "Sawa dada. Tutakungoja na majibu."